Kushusha W124 bila Kuiharibu

Idrisa: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunashughulika na gari moja tu, Mercedes-Benz ya mfululizo wa W124, ambayo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1984 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1990. Nipo na mwenzangu, dada Rehema, mmiliki wa 300 E ya mfululizo huo, ambaye nasikia amekuja na malalamiko.

Rehema: Ni kisa, kaka Idrisa, si malalamiko. Nilinunua rimu zilizotumika za inchi 17, zenye matundu matano kwenye duara la milimita 112, yaani mpangilio uleule wa gari langu, nikazifunga mwenyewe asubuhi moja nikiwa na furaha ya mtoto aliyevaa viatu vipya. Nilipofika kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Nilizipeleka kwa fundi wa matairi mara mbili azifanyie balansi, na mara zote mbili mashine ikaonyesha kwamba hazina tatizo.

Idrisa: Tundu la katikati lilikuwa na kipenyo gani?

Rehema: Ndilo swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Habu ya W124, yaani kitovu ambacho rimu hukalia, ina kipenyo cha milimita 66.6, na rimu zangu, ambazo zilitengenezwa ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi, zilikuwa na tundu la milimita 73.1. Kwa hiyo rimu haikukalia habu, bali ilishikiliwa na bolti tano peke yake, na kila nilipoikaza ilikaa pembeni kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni ila usukani unakihisi. Nafasi hiyo huzibwa na pete nyembamba ya plastiki au alumini, kitu chepesi kuliko bangili, na siku nilipoziweka pete nne mtetemo ukaisha.

Idrisa: Ulipona upesi, kwa sababu kwenye bolti kuna hatari kubwa kuliko huo mtetemo. Bolti za asili za Mercedes zina kitako cha mviringo, kama nusu ya gololi, wakati rimu nyingi za viwanda vingine zimechongwa kwa ajili ya bolti zenye kitako cha koni. Ukizichanganya, bolti itakaza vizuri mkononi mwako lakini itakuwa inagusa rimu kwenye mstari mwembamba tu, nayo italegea barabarani. Urefu pia una maana yake, kwani breki ya mkono ya gari hili imefichwa ndani ya diski ya nyuma, na bolti ndefu kupita kiasi hutokeza upande wa pili na kukwaruza viatu vyake. Ninapobadilisha rimu, huinua gurudumu la nyuma kwa jeki na kulizungusha kwa mkono taratibu kabla ya kushusha gari, huku nikisikiliza.

Rehema: Baada ya rimu, kila mtu anataka gari liiname. Nakiri kwamba nami nilitaka, maana W124 yenye rimu kubwa na kimo cha asili inaonekana kama mtu aliyevaa suruali fupi. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilinishauri nikate duru moja ya springi za mbele.

Idrisa: Uliwaruhusu?

Rehema: Hapana, lakini sikukataa kwa elimu. Nilikataa kwa sababu aliyeninong'oneza shauri hilo alikuwa tayari ameshika mashine ya kukatia chuma.

Idrisa: Afadhali woga ule. Kwenye magari mengi springi ya mbele huizunguka shokapu, lakini kwenye W124 shokapu imesimama peke yake na springi iko kando, ikibanwa kati ya bodi na mkono wa chini wa sespensheni, na ncha yake ya chini inalala ndani ya kikombe chenye umbo la ncha hiyo. Ukikata duru, ncha mpya haitalala mahali pake. Tena kuitoa springi hiyo kunahitaji kibano maalumu kinachopita katikati yake na kuikusanya kutoka ndani, kwa kuwa springi iliyobanwa inabeba nguvu ya kumuua mtu. Hapo simruhusu mtu abahatishe.

Rehema: Basi mtu afanye nini akitaka kushuka kidogo tu?

Idrisa: Aanze na kitu ambacho wenye gari hili wengi hawajawahi kukiona. Juu ya kila springi kuna kikalio cha mpira kinachoitenganisha na bodi, na Mercedes ilivitengeneza vikalio hivyo kwa unene mbalimbali, ikavitia alama ya vinundu pembeni, kimoja hadi vinne. Kwa springi za mbele, kila kinundu kinachoongezeka ni takriban milimita 5 za unene. Gari likitoka kiwandani na vifaa vizito upande mmoja, waliliweka sawa kwa kuchagua kikalio. Maana yake ni kwamba ukiwa na vikalio vya vinundu vitatu, ukaweka vya kimoja, pua ya gari itashuka zaidi ya sentimita moja ikipimwa kwenye gurudumu, kwa kuwa springi imekaa ndani ya urefu wa mkono na wala si kwenye gurudumu lenyewe, na hujanunua springi mpya.

Rehema: Sentimita moja na kitu hazimtoshi kijana.

Idrisa: Zinamtosha anayeendesha gari lake kila siku. Nyuma kuna mikono mitano ya sespensheni kila upande, mpango ambao Mercedes iliuanzisha kwenye modeli ya 190 mwaka 1982, na ndiyo siri ya utulivu wa gari hili kwenye mwendo kasi. Ukiishusha sana nyuma, matairi huinamia ndani kwa juu, na kiwandani hawakuweka bolti ya kurekebisha mwinamo huo, waliweka ya kurekebisha uelekeo wa tairi peke yake. Matokeo yake ni tairi inayolika upande wa ndani, mahali ambapo huoni mpaka nyuzi zimetokeza. Anayetaka kushuka zaidi ya hapo anunue mikono inayorekebishika, na kwanza kabisa abadilishe bushi zote, yaani raba za viungo vya mikono hiyo, kwa sababu bushi za miaka 30 ni mpira kwa jina tu.

Rehema: Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo, kaka Idrisa. Unazungumza kana kwamba wahandisi wa Mercedes kule Stuttgart wanakuchungulia. Gari ni la mtu, na starehe yake ni kulifanya lifanane naye. AMG yenyewe, watengenezaji wa Mercedes za kasi, ilianza mwaka 1967 ikiwa karakana ya watu wawili, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, na mwaka 1986 ikachukua W124 hii hii, ikatia ndani injini ya silinda nane, na leo gari hilo linasifiwa kuliko lililotoka kiwandani.

Idrisa: Nalisifu pia, ila tazama walichobadilisha pamoja na injini. Mercedes ilipoamua kutoa 500 E mwaka 1990, yenye injini ya lita 5, ilishirikiana na Porsche, ikapanua madigadi, ikachukua breki kubwa kutoka kwa magari ya SL. Nguvu haikuja peke yake. Ninaowaogopa ni wale wanaoanza na injini, wakaacha breki za modeli ndogo ya 200, na rimu za inchi 15 ambazo hata breki kubwa hazingeingia ndani yake.

Rehema: Je, dizeli? Maana wapenzi wa Ufini na Uswidi wameifanya W124 kuwa makao ya injini ya dizeli ya Mercedes iitwayo OM606.

Idrisa: OM606 ni lita 3, silinda sita, valvu 24, na kivutio chake ni kwamba unaweza kuifungia pampu ya mafuta ya kimakenika na kuondokana na kompyuta. Ni kazi nzuri kwa mwenye karakana na subira. Kwa mtu wa wikiendi, ningemwambia kwanza afungue boneti na kutazama nyaya za injini aliyo nayo. Gari langu ni la mwaka 1993, na magari ya miaka hiyo yalipewa nyaya ambazo ganda lake halikuvumilia joto. Niliukunja waya mmoja karibu na kichwa cha injini, nikauona ukipukutika kama ganda la yai lililochemshwa, shaba ikabaki uchi, na wakati ule nilikuwa naweka akiba ya egzosti mpya. Akiba yote ikaenda kwenye nyaya.

Rehema: Na egzosti?

Idrisa: Ninayo ileile ya zamani, na sioni haya. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni kwamba Ujerumani gari lililotimiza miaka 30 linaweza kupewa namba yenye herufi H, na mabadiliko yanayolingana na zama za gari hukubaliwa. Hiyo imewafanya wengi kule kutafuta rimu na vitambaa vya viti vya wakati ule, badala ya vya leo.

Rehema: Kabla hatujaaga, nina swali langu la nyumbani. Gari langu upande wa kushoto mbele liko chini kwa karibu sentimita moja, na fundi ameniambia springi imechoka.

Idrisa: Huenda. Umepima kwenye sakafu iliyonyooka, tenki likiwa limejaa na upepo wa matairi ukiwa sawa?

Rehema: Nimepima kwenye sakafu, tenki likiwa nusu. Upepo sikuutazama.

Idrisa: Anza na upepo. Kisha toa tairi, safisha tope juu ya springi kwa brashi, upige tochi kwenye kikalio cha mpira cha kila upande. Vinundu vikitofautiana, mtu aliyekutangulia alifungua akarudisha bila kutazama.

Rehema: Basi Jumamosi nitakuwa chini ya digadi na tochi mdomoni, nahesabu vinundu.