Mzazi Asisikie Habari za Mchango Tu

(Muziki unafifia)

REHEMA: Simu ya mzazi ikiita na namba ni ya mwalimu, moyo unamruka. Ama mtoto anaumwa, ama kuna mchango. Na mara nyingi hakosei: uji, mlinzi, karatasi za jaribio. Leo tunazungumzia habari ambayo haifiki nyumbani kabisa, nayo ni hii: mtoto wa darasa la kwanza wiki hii amejifunza nini?

KASSIM: Na tuseme mapema, Mwalimu, tunazungumzia shule ya serikali. Mkondo mmoja watoto 92, mwalimu mmoja. Ushauri mwingine ukiusikiliza utadhani kila mwalimu ana watoto 20 na mashine ya kudurufu pembeni.

REHEMA: Kabisa. Basi tuanze Januari. Wengi wanakimbilia kufungua grupu la WhatsApp. Grupu lisubiri. Kwanza orodha, na usiinakili kutoka kwenye fomu za uandikishaji, kwa sababu namba ya kule huwa ya aliyempeleka mtoto siku ile. Inaweza kuwa ya mjomba aliye mkoa mwingine, na mtoto analala kwa bibi yake. Swali la kuuliza ni: "Jioni mtoto yuko na nani?" Huyo ndiye unayemtaka.

KASSIM: Kwenye daftari nachora safu tano. Jina la mtoto, anayelala naye, namba yake, namba ya jirani, na aina ya simu: kitochi au simu janja. Kisha unamwomba akubipu palepale. Isipoita, namba imekosewa, na umejua siku hiyohiyo, siyo mwezi wa tano.

REHEMA: Na akubipu huku amehifadhi namba yako. Hilo tutalirudia, lina sababu yake.

KASSIM: Sasa ujumbe wenyewe. Nausoma kama ulivyo: "Darasa la 1B, wiki hii: silabi ba be bi bo bu. Mwombe mtoto asome: baba, babu, bibi. Akikwama msubiri kidogo, kisha someni pamoja. Mwl. wa darasa". Basi. Ukihesabu herufi, nafasi na alama ni 145.

REHEMA: Waeleze kwa nini unahesabu.

KASSIM: Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ukizidisha hata moja, inakuwa meseji mbili. Watoto 92, umetuma 184, kifurushi kimekwisha. Na ukiweka kile kikatuni cha tabasamu, nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Tabasamu moja linageuza ujumbe huu kuwa meseji tatu!

REHEMA: Wasikilizaji waangalie pia maneno yaliyochaguliwa. Baba, babu, bibi. Kwa nini "mama" hayumo? Kwa sababu darasa halijafika kwenye herufi m. Ukimpa mtoto neno lenye sauti asiyoijua, atakwama, mzazi ataona mtoto hajui kitu, na jioni itaishia kwa machozi. Kosa la upande wa pili ni ujumbe wa "msaidie mtoto kusoma". Amsaidie vipi? Asome nini?

KASSIM: Kuna jambo ambalo meseji hailiwezi, nalo ni sauti ya herufi. Wazazi wengi walifundishwa a, be, che, de. Sasa mtoto darasani anafundishwa kwamba hii inatoa sauti "b", ya midomo kufunga na kufunguka. Akifika nyumbani anaambiwa "hiyo ni be". Anaunganisha be na a, anapata "bea". Hajui amkosoe nani.

REHEMA: Hapo ndipo simu janja inafaa. Rekodi sauti, sekunde 40 zisizidi: tamka sauti, tamka silabi tano, tamka maneno matatu. Kwa mzazi asiyejua kusoma, hiyo ndiyo njia yenyewe. Ila usirekodi darasani. Kelele za watoto 92 zinameza sauti ya "b" yote.

KASSIM: Nikija kwenye grupu, ugonjwa wake unajulikana. Unatuma habari ya silabi, zinafuata "asante mwalimu" arobaini, amina, picha za maua za asubuhi njema, mtu anauza mashuka. Aliyefungua saa nne usiku haoni ujumbe. Dawa ni kwenye mpangilio wa grupu: admini peke yao waandike. Au tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp hiyohiyo, inabeba hadi watu 256, na kila mzazi anaupata kama ujumbe wake binafsi. Namba za wazazi hazionekani kwa wengine.

REHEMA: Lakini ujumbe wa orodha hiyo haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Hutaambiwa umeshindikana, unabaki kudhani wamepata. Ndiyo sababu ya kule Januari.

KASSIM: Siku je? Mimi ningetuma Jumapili jioni.

REHEMA: Jumapili umechelewa! Ijumaa saa kumi na mbili, mzazi ametoka sokoni au shambani, na ana siku mbili za kukaa na mtoto. Na siku hiyo usiguse mchango. Habari ya pesa iende siku nyingine, kwa ujumbe wake. Ukizichanganya, silabi hazisomwi.

KASSIM: Haya, umeshinda. Wasio na simu?

REHEMA: Tuseme ni 20. Karatasi tano za A4, kila moja ikatwe vipande vinne. Kipande kibandikwe kwa gundi ndani ya daftari la mtoto, kwa sababu cha mfukoni kinafuliwa pamoja na kaptula. Wala usidai saini, watoto wanajifunza kuisaini upesi kuliko kusoma. Omba mzazi aweke alama ya vema chini ya neno lililosomeka, na mkasi chini ya lililoshinda. Jumatatu ukipita na madaftari unajua kama "babu" imewasumbua watoto wangapi. Hapo mzazi naye amekupa habari.

KASSIM: Matokeo ya muhula sasa. "Amekuwa wa 63 kati ya 92." Mzazi afanye nini na 63?

REHEMA: Ampige, labda. Andika hivi: "Anasoma silabi za konsonanti moja. Bado mba, nda, nywa." Na usitume matokeo ya wote kwenye grupu. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Alama na picha za mtoto si za kusambazwa bila ridhaa ya mzazi wake.

KASSIM: Kikao cha mzazi mmojammoja kinaogopesha, ila piga hesabu. Dakika tano kwa wazazi 92 ni dakika 460, karibu saa nane. Ukigawa siku nne, wazazi 23 kwa siku, ni chini ya saa mbili. Mezani weka daftari la mtoto, ukurasa wa Januari na wa leo. Tofauti anaiona mwenyewe, hata asiyejua kusoma.

REHEMA: Na anayekuja na malalamiko ya mchango siku hiyo?

KASSIM: Mwelekeze kwa mwalimu mkuu au kamati ya shule. Dakika tano zile ni za mtoto.

REHEMA: Swali la mwisho, la walimu wengi: mzazi akijibu saa tano usiku?

KASSIM: Zima data, lala. Mjibu kesho saa ya mapumziko. Na Julai, shule zikifunguliwa, waombe wote wabipu tena. Laini zinabadilika.