Umbali Kwanza, Wati Baadaye: Muziki Katika Karakana ya Nyumbani

Mhadhara uliotolewa Nairobi, Jumamosi alasiri, mbele ya mafundi wa mbao na vyuma

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mna safari, hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu kuweka mtambo wa muziki katika karakana ya nyumbani, yaani ile gereji ambayo mjenzi aliikusudia gari lakini leo imejaa msumeno wa meza, vipande vya saiprasi na mikebe ya vanishi ambayo hakuna anayekumbuka ilifunguliwa lini. Mimi hutengeneza samani katika gereji ya nyumba yangu huko Buruburu. Ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 3, kuta za mawe zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji na mlango wa bati. Humo nimebadilisha mitambo mara 4, na mara 3 za kwanza nilirudia kosa lile lile la kuulizia wati kabla ya kuulizia umbali.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa maana asiyeijua hesabu hii ataendelea kuuziwa wati. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli haziendi sambamba na wati. Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tuseme kutoka wati 10 hadi 20, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu aliyeinamia kazi yake huenda asiitambue. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji desibeli zipatazo 10, nazo zinadai nguvu mara 10, kwa hiyo wati 20 zako inabidi ziwe 200. Sasa linganisheni na kusogea. Umbali kati yako na spika ukipungua kwa nusu, kutoka mita 4 hadi mita 2, mahali pa wazi unapata desibeli 6 bila kulipa hata shilingi, ambazo ni sawa na kuiongezea amplifaya nguvu mara 4. Ndani ya gereji faida hiyo hupungua kidogo, kwa sababu kuta nazo hurudisha sauti, lakini ipo.

Zile namba kubwa zinazobandikwa kwenye maboksi ya wufa za sebuleni, wati 5,000 au 10,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kutoka kwa kitambo kidogo mno, ni za kupamba boksi. Ugeuze mtambo, usome kibandiko cha nyuma kinachosema unakula wati ngapi kutoka kwenye soketi, na kama kimeandikwa 60, basi hakuna mganga atakayezitoa hizo 10,000. Namba yenye maana ni ile inayoandikwa kwenye spika nzuri, mathalani desibeli 88 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Itazameni namba hiyo kwa makini. Wataalamu wa afya kazini wa taasisi ya Marekani iitwayo NIOSH wanashauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Kwa hiyo spika hiyo, ikiwa mita 1 kutoka sikioni na ikipewa wati 1 peke yake mfululizo, inakutosha kwa saa 4. Wati moja! Hizo nyingine ni za akiba, kwa ajili ya ngoma inapopigwa ghafla.

Hapo ndipo mafundi wengi hunijibu kwamba wanahitaji sauti kubwa ili muziki usikike juu ya mashine. Msumeno wa meza au grainda hufika desibeli 100 hivi pale anaposimama mwenye kuishika, na kwa kipimo kile kile cha NIOSH, desibeli 100 ni za dakika 15 kwa siku. Muziki wa kuishinda mashine hiyo itabidi uzidi hapo, kisha fundi mwenye busara atakuwa ameziba masikio, kwa hiyo atalipa wati zake na asiusikie muziki vizuri vilevile. Kuna jambo jingine ambalo wa mbao wanalijua. Meno ya msumeno yanapoanza kubanwa na ubao, sauti yake hushuka kidogo, kama mtu anayeinua mzigo uliomzidi, na hilo hutokea kabla ubao haujarushwa nyuma kuelekea tumboni mwako. Mimi siwezi kukubali gitaa lolote linifiche sauti hiyo. Katika karakana yangu muziki ni wa wakati wa kupima, kuchora, kupiga msasa kwa mkono na kupaka vanishi. Swichi ya kuuzima nimeiweka kando ya swichi ya msumeno. Mkono wa kushoto unazima, wa kulia unawasha.

Ukishakubali hilo, utaona kwamba unachohitaji ni spika mbili ndogo juu ya benchi, kwenye kimo cha masikio ukiwa umesimama, mita 1 hadi 1 na nusu kutoka pale unapofanyia kazi zaidi. Usizitundike kwenye pembe. Spika iliyobanwa kati ya kuta mbili na dari huongezewa besi na nyuso hizo, na katika chumba cha mawe besi hiyo huvimba mpaka gitaa la besi la benga, ambalo kazi yake ni kutembea, linageuka kuwa mtu anayeburuta gunia. Nilikaa na mtambo wa namna hiyo mwaka mzima, nikailaumu amplifaya.

Kuhusu mwangwi, simameni katikati ya gereji mpige kofi moja. Mkisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, hizo ni kuta mbili zinazotazamana zikirushiana sauti. Najua kuna atakayewaambia mbandike trei za mayai. Msifanye hivyo, trei hutawanya kidogo sauti nyembamba, hazigusi besi, na zinashika moto upesi katika chumba chenye vanishi na tina, ile ya kuzimulia vanishi. Sponji ya godoro nayo siipendi kwa sababu hiyo hiyo ya moto. Mimi nimeegemeza ukutani mbao zangu za akiba, ndefu kwa fupi bila mpangilio, na ukuta wa pili nimetundika blanketi zito la sufu mbali na pale cheche zinaporukia. Mlango wa bati ulinisumbua zaidi. Kila nota fulani ya besi ilipopigwa, kitu kilijibu "zzzrr", nikaishuku spika. Siku moja nikaucheza muziki ule ule tena na tena huku nikitembeza kiganja juu ya bati, kama daktari anayetafuta panapouma, hadi nilipofika kwenye komeo. Chuma cha komeo kilikuwa kinagonga bati. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivisha pale, na mlango umenyamaza tangu siku hiyo.

Sasa stima. Kwetu umeme wa nyumbani ni volti 240, hezi 50. Vifaa vya mitumba vinavyoingia Nairobi hutoka kila pembe ya dunia, na nyumba za Japani hutumia volti 100. Mtambo wangu wa pili ulikuwa amplifaya ya Kijapani, nzito, yenye vifundo vya alumini vinavyozunguka taratibu kama mafuta, niliyoinunua katika duka moja mjini baada ya kuambiwa kwamba imeshajaribiwa. Plagi ilikuwa imebadilishwa ikawekwa ya kwetu ya miguu mitatu, na mimi nikaiamini plagi nisisome maandishi ya nyuma. Nilipochomeka, taa yake iliwaka kwa mng'ao ambao hadi leo nikiukumbuka najilaumu, kisha kukatoka mvumo, kisha harufu kama ya samaki aliyeungua, kisha kimya. Soma kibandiko. Kikiandikwa 100 au 120, nunua transfoma ya kupunguza volti yenye uwezo wa kuzidi wati za mtambo, au uache kuununua. Spika zenyewe hazina tatizo hilo, kwa kuwa hazichomekwi ukutani. Spika kuukuu kutoka Japani au Uingereza mara nyingi ni nzuri sana, ila uguse ukingo wa sponji unaozunguka koni, maana ukiwa mzee humomonyoka kwa kidole kama mandazi ya juzi.

Kwenye plagi ya amplifaya ndogo toeni ile fyuzi ya ampea 13 muweke ya ampea 3. Msiuchomeke mtambo kwenye ekstensheni moja na mashine ya kuchomelea. Stima ikipotea, chomoeni kabla haijarudi, kwa sababu mara nyingi madhara huja nayo inaporejea. Mvumo wa chini usiokoma, hasa unapounganisha kompyuta ndogo ikiwa kwenye chaja, kwa kawaida ni vifaa viwili vilivyofika kwenye waya wa ardhi kwa njia mbili. Chomoa chaja uone kama utakoma, lakini usikate kamwe waya wa ardhi wa kifaa ili kuutibu. Kuhusu waya wa spika, sina mengi. Kwa mita 10, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule ule wa taa za nyumba, una ukinzani wa robo ya omu tu kwenda na kurudi, na spika ya omu 8 haitalalamika.

Vumbi ndilo nililotaka kulifikia. Vumbi la mbao huziba matundu ya kupozea amplifaya, kwa hiyo ikae kwenye kabati lenye mlango wa kitambaa, nawe upulize hewa ndani kila mwezi ikiwa imezimwa. La chuma ni baya zaidi. Kijana wangu, hebu njoo unishikie spika hii. Mnaona, hii nimeivua boksi. Nyuma kuna sumaku, na katikati, chini ya hiki kifuniko kidogo, kuna koili inayopanda na kushuka ndani ya mwanya mwembamba sana. Grainda ikikata chuma katika chumba hicho hicho, chembe zake huruka, sumaku huziita, nazo hujipanga ndani ya mwanya huo. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili uisikilize. Mmesikia? Huo mkwaruzo ni chuma. Iliniingia kwa sababu ya kusaga miguu ya stuli moja tu bila kuzifunika spika. Kifuniko kikibanduliwa, chembe nyingine hutolewa kwa ukanda wa gundi uliokunjwa ukaingizwa mwanyani polepole, lakini koili ikishachubuka hakuna dawa. Funikeni spika kwa kitambaa kizito kabla ya kushika grainda, au grainda itoke nje.

Usiende bado, kijana. Chukua betri hii ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye mguu mwekundu wa spika na hasi kwenye mweusi, mara moja tu. Koni imeruka mbele. Ukigeuza nyaya, inarudi ndani. Spika zako mbili zikiunganishwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi hupotea chumbani huku kila kitu kikionekana kizima. Hilo ndilo lilikuwa kosa la mtambo wangu wa tatu, nisije nikasahau kuwaambia.

Mama mmoja ameniuliza kuhusu majirani. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zilizowekwa chini ya sheria yetu ya mazingira, zinaruhusu maeneo ya makazi desibeli 50 nje wakati wa mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni huanza saa 2. Desibeli 35, mama, ni mnong'ono. Kinachovuka ukuta ni besi, kwa hiyo ikifika saa hiyo ipunguze hiyo, sogeza spika, kisha utoke mwenyewe hadi langoni usikilize. Ukiweza kutambua wimbo ukiwa nje, jirani naye anautambua.

Na mzee wangu pale mbele anauliza aanze na nini akiwa na fedha kidogo. Mzee, anza na redio ya gari iliyotumika, spika mbili za omu 4 na betri ya volti 12, ambayo itakuimbia hata stima isipokuwepo. Kwa kawaida waya wa njano huenda kwenye betri moja kwa moja, mwekundu hupitia swichi, mweusi ni hasi. Fyuzi iwe kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri. Betri hiyo ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, basi ichaji karibu na dirisha, mbali na cheche. Kisha usikimbilie kutoboa ukuta. Panga spika juu ya maboksi, simama mbele ya benchi mahali unapopigia randa, uweke sauti ya mwimbaji mmoja, ufumbe macho. Mwimbaji akisikika amesimama katikati ya spika mbili, pale ambapo hakuna kitu, chukua penseli nyuma ya sikio, weka alama ukutani, ndipo utoboe.