Damu ya Rangi, Jasho la Kweli

Ndugu zangu, habari za jioni. Nianze na tukio la filamu za mapigano za bajeti ndogo, ambalo kila mmoja wetu humu amewahi kuliona. Stelingi, shujaa wa filamu, amezungukwa na maadui wanane. Wa kwanza anarusha ngumi, anadakwa mkono, anakula teke la kifua, anaangukia meza inayovunjika hata kabla mgongo haujaigusa. Na wale saba? Wanarukaruka nyuma, ngumi juu, wanasubiri zamu. Mmoja wao, ukimkazia macho, anahesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu. Kisha anaingia na yeye.

Hapo ukumbi mzima hucheka. Nami nacheka, na nimezitazama picha hizi tangu utotoni. Ila jioni hii naomba tukichunguze kicheko hicho, kwa sababu naamini hakina dharau ndani yake.

Yule anayehesabu hajakosea kazi. Pigano la sinema ni ngoma yenye hatua zake. Kamera huwekwa mahali ambapo ngumi inayopita kando ya shavu itaonekana imetua, na sauti ya kishindo hupachikwa baadaye. Wenye fedha hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, hulipiga pigano hilohilo picha kutoka pande nyingi, halafu mhariri anakata kila nukta ambayo adui amesimama bure. Mwenye kamera moja na siku moja hana nafasi hiyo. Kwa hiyo mishono inabaki nje, kama shati lililovaliwa ndani nje, na sisi tunakiona kile ambacho filamu ya mamilioni hulipa pesa nyingi ili kisionekane: watu wako kazini.

Tuitazame El Mariachi, filamu ya mwaka 1992. Mwongozaji Robert Rodriguez aliitengeneza kwa takriban dola 7,000, na sehemu ya fedha hizo aliipata kwa kujitolea mwili wake kwenye majaribio ya dawa. Aliipiga picha Ciudad Acuña, mji wa Meksiko ulio mpakani na Marekani. Hakuwa na reli za kusogezea kamera, basi alikaa kwenye kiti cha magurudumu na kusukumwa. Bunduki zilikuwa za kuazima kwa polisi wa hapo, na zikitiwa risasi baridi zilikwama baada ya mlio mmoja tu. Alifanyaje? Alipiga picha ya mlio mmoja kwa upande huu, mwingine kwa upande ule, akaunganisha vipande, akaongeza sauti, ikawa bunduki ya rashasha.

Jambo linalonigusa zaidi ni la sauti. Kamera yake haikunasa sauti pamoja na picha. Kila wakimaliza kupiga kipande, mwigizaji alirudia maneno yake palepale mbele ya kinasa sauti. Huwezi kurudia sentensi kwa mwendo uleule hadi mwisho, kwa hiyo midomo na maneno vilianza kuachana. Vikiachana, Rodriguez alikatiza na kutuonyesha kitu kingine, hata mbwa aliyekaa hapo karibu, kisha akarudi. Mwendo wa haraka unaoisisimua filamu ile ulitokana kwa sehemu kubwa na shida hiyo. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Sasa kuna watu wamegundua kwamba tunazipenda picha hizi, wakaamua kutengeneza filamu mbovu kwa makusudi. Mimi hizo zinanichosha. Mwigizaji anakukonyeza kana kwamba anasema, najua huu ni upuuzi. Lakini huwezi kumshangilia mtu ambaye mwenyewe haamini anachofanya. Stelingi wa bajeti ndogo tunampenda kwa sababu anakunja uso kwa dhati kabisa, na jeshi lake la watu sita analiamuru kama lina watu elfu.

Halafu kuna mwanguko. Huwezi kuuigiza mwanguko nusu nusu. Mtu akitoka juu ya paa akatua kwenye maboksi matupu yaliyopangwa nje ya picha, mwili wake umeanguka kweli, hata kama hadithi ni ya uongo. Wakati mwingine pembe ya boksi inaonekana kidogo chini ya skrini. Mimi nikiiona moyo unanipiga zaidi, maana nimejua ni kitu gani tu kilichokuwa kati yake na ardhi.

Nimeiweka filamu ya Kampala mwisho kwa sababu ndiyo niipendayo kuliko zote. Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa rangi nyekundu iliyojazwa ndani ya kondomu. Helikopta na milipuko aliichora kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza. Filamu hiyo imetazamwa na mamilioni ya watu kwenye intaneti.

Uganda kuna VJ, mtu anayeizungumzia filamu huku ikiendelea. Katika filamu hii ni VJ Emmie. Anapiga kelele, anaonya, anasifu, anatuahidi mapigano kabla hayajafika, na yakifika anafurahi kutuzidi. Nabwana alilazimika kuifuta filamu yenyewe kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata, kwa hiyo nakala isiyo na sauti ya VJ haipo tena duniani. Ukiitafuta leo, popote ulipo, utaikuta na Emmie ndani yake, na huwezi kumzima. Utaitazama ukiwa na mtu anayeshangilia sikioni mwako, tangu mwanzo mpaka risasi ya mwisho.