Kelele za Gurudumu la Mbele Lori Linapokata Kona

Ndugu madereva, mafundi na utingo, habari za asubuhi. Msimu wa korosho ukifunguliwa, lori linaloshuka na mzigo kutoka Newala halipewi nafasi ya kulala gereji. Ndipo kosa linapofanyika: gurudumu la mbele likilia kwenye kona, mtu anakimbilia dukani kununua beringi. Inafungwa, kelele iko palepale, kwa sababu iliyokuwa ikilia ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia usukani ukizungushwa.

Kwa hiyo maswali kwanza, spana baadaye. Je, inalia hata gari likiwa limesimama na usukani unazungushwa? Kingipini kavu, pamoja na ile beringi bapa inayobeba uzito hapo, hulia kama bawaba ya mlango hata gari lisipotembea. Beringi ya gurudumu haiwezi kulia gurudumu lisipozunguka. Yenyewe huvuma, na mvumo hupanda kadiri mwendo unavyopanda.

Sasa kona. Ukitoka Mtwara, ukafika Mnazi Mmoja na kukata kushoto kwenda Masasi, uzito hulalia kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Ukizidi ukikata kulia, shuku ya kushoto. Hiyo ni dalili tu, si hukumu. Chuma husafirisha sauti, na dereva aliye kitini anaweza kuapa kwa upande usio wenyewe.

Kabla ya kunyanyua, tazama nati za gurudumu. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati huashiria imelegea, na nati iliyolegea hugonga kwenye kona kama vile ekseli nzima imekufa. Kisha zuia matairi ya nyuma. Penye mchanga, jeki ikae juu ya ubao mnene, na ekseli ishuke juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kumwamini mtu akaingia chini.

Shika tairi juu na chini ulitikise. Likiwa zito, pitisha mtaimbo chini yake uliinue. Vitabu vya kigeni husema saa 12 na saa 6. Kwa saa yetu namba zinageuka, lakini sehemu ni zilezile mbili. Likicheza, yaani likiwa na ulegevu, mwenzako akanyage breki na kushikilia (matangi ya breki yawe na upepo wa kutosha), nawe utikise tena. Breki ikikamata, habu (kitovu cha gurudumu) na shingo ya ekseli inayoibeba huwa kitu kimoja. Mchezo ukitoweka, ulikuwa kwenye beringi. Ukibaki, ni kingipini na bushi zake. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, na ndilo linaloachwa kila siku.

Halafu tikisa kushoto na kulia, jicho likiwa kwenye tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Mwisho zungusha gurudumu kwa mkono, kiganja kingine kikiwa juu ya springi: beringi iliyochimbika utaisikia ikikwaruza kiganjani kabla sikio halijaisikia.

Ukifungua ukakuta roli zina rangi ya bluu, ziliungua. Badilisha koni (pete ya ndani yenye roli) na kikombe chake (pete ya nje) pamoja. Koni mpya kwenye kikombe kilichochimbika hufa mapema. Wakati wa kukaza, zungusha gurudumu ili roli zikae sawa, kisha legeza kwa kipimo cha mtengenezaji. Habu nyingi za kurekebishwa kwa mkono huhitaji mchezo wa milimita 0.025 hadi 0.125, na huo hupimwa kwa saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachosoma mchezo mdogo), si kwa kukisia. Ukibana mno, inaungua upya.

Grisi ya kingipini ina ubishi wake. Ekseli nyingine hupigwa grisi matairi yakiwa chini, nyingine zikiwa zimenyanyuliwa ili ifike kwenye beringi bapa. Fuata kitabu cha ekseli yako, si mazoea ya gereji.

Mengine ni mepesi. Mkwaruzo wa ghafla baada ya barabara ya changarawe, tafuta jiwe kati ya dramu ya breki na bati linaloikinga na vumbi. Tairi likiwa na alama ya kung'aa ubavuni, linasugua. Usukani wa mafuta kuguna ukifika mwisho wa kona ni pampu inayosukuma mahali pasipo njia, usiushikilie pale.

Na lori ambalo ekseli ya mbele haivutwi na injini halina sivii jointi mbele, yaani kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu linalogeuka. Muuzaji akikwambia ndiyo inayogonga, rudisha pochi mfukoni.