Bilioni Moja Ni Ngapi?

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Neno ninalotaka tulichambue leo ni "billion" la Kiingereza, ambalo sisi tumelichukua na kuliita bilioni. Kwa Kiingereza cha sasa, kiwe cha Uingereza au cha Marekani, maana yake ni moja: milioni elfu moja, yaani 1 ikifuatwa na sufuri 9. Haikuwa hivyo daima, na asomaye maandiko ya zamani bila kulijua hilo anaweza kukosea mara elfu nzima.

Mfaransa Nicolas Chuquet, katika muswada wake wa hisabati wa mwaka 1484, alilitumia neno hilo kwa maana ya milioni mara milioni, yenye sufuri 12. Baadaye Wafaransa wenyewe wakaanza kuliteremsha hadi milioni elfu moja, Wamarekani wakaifuata desturi hiyo mpya, ilhali Waingereza wakashikilia ile ya kale. Mvutano huo ulidumu hadi tarehe 20 Desemba 1974, pale Waziri Mkuu Harold Wilson, akijibu swali bungeni, alipoeleza kwamba mawaziri wake watalitumia neno hilo kwa maana ya milioni elfu moja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeenea kimataifa. Kioja ni kwamba Ufaransa, chimbuko la desturi ya Wamarekani, ilikwisha kurudi rasmi kwenye sufuri 12 mwaka 1961.

Kwetu jambo hili linagusa kazi ya kila siku. Bajeti ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mtafsiri wa Bujumbura au Lubumbashi akiiandika kwa Kifaransa kuwa "trillions", ameikuza mara milioni moja, maana trilioni ya Kifaransa ina sufuri 18. Sahihi ni "49 350 milliards", kwa kuwa huko milioni elfu moja huitwa "milliard", kama vile Kiarabu kinavyosema "milyar". Mimi nadhani mtafsiri mwenye shaka afadhali aandike tarakimu zote, hata kama mhariri atanung'unikia nafasi.

Sasa matumizi. Likitanguliwa na idadi, neno hili halichukui "s" wala halifuatwi na "of": huandikwa "three billion shillings", na "three billions of shillings", ninayoiona mara kwa mara katika insha, ni kosa. "Billions of shillings" husemwa pale tu ambapo hakuna idadi iliyotajwa, msemaji akitaka kuonyesha wingi usiopimwa. Maneno kama "several" na "a few" huhesabiwa hapa kama idadi, kwa hiyo ni "several billion shillings".