Ukomunisti kwenye karatasi na ukomunisti kiwandani: mpango ulikwama wapi?

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, na nyie wenzangu mlio huku ughaibuni. Leo tunaongea kuhusu ukomunisti, na nitaomba mnivumilie kwa sababu nataka tuingie mpaka ghalani na kwenye vitabu vya hesabu.

Mabishano juu ya jambo hili huwa yanakwenda hivi: mmoja anasema wazo ni zuri ila binadamu ni mchoyo, mwingine anasema wazo ni zuri ila viongozi waliliharibu. Mimi naona wote wawili wanaruka sehemu muhimu kuliko zote, nayo ni taarifa. Nani anajua nini, anamwambia nani, na kinampata nini akisema ukweli.

Kwanza tuelewane tunapima kitu gani. Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyelijenga wazo hili, aliandika mwaka 1875 kuhusu awamu mbili. Katika ya kwanza mtu anapata kulingana na kazi aliyofanya. Katika ya pili, uzalishaji ukishafurika, kila mtu anatoa kwa uwezo wake na anapata kwa mahitaji yake. Hakuna nchi iliyowahi kutangaza kwamba imefika awamu hiyo ya pili. Umoja wa Kisovieti ulijiita wa kijamaa mpaka siku unavunjika. Mwaka 1961, chini ya kiongozi wake Nikita Khrushchev, chama cha kikomunisti kilipitisha programu iliyoahidi kwamba jamii ya kikomunisti itakuwa imejengwa kwa sehemu kubwa ifikapo 1980. Mwaka huo ulifika ahadi ikiwa imeshawekwa kando. Kwa hiyo tukisema ukomunisti kwa vitendo, tunapima nchi za chama kimoja, zenye viwanda na ardhi mikononi mwa dola, na uchumi unaoendeshwa kwa mpango kutoka juu. Ujamaa wa Mwalimu Nyerere una historia yake tofauti, leo siuchanganyi humu.

Mpango wenyewe ulitengenezwaje? Gosplan, kamati ya mipango ya Kisovieti, iliundwa 1921, na mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928. Huo wa miaka mitano ndio unaotajwa sana, lakini kiwanda kiliishi kwa mpango wa mwaka, uliokatwa kwa robo na kwa mwezi. Uongozi wa chama unataja vipaumbele. Gosplan inavigeuza kuwa makadirio na kuyapeleka wizarani, na wizara inayagawa kwa viwanda. Kiwanda kinajibu: ili nitoe hiki, nahitaji chuma kiasi hiki, makaa ya mawe kiasi hiki, umeme na watu kiasi hiki. Maombi yanapanda tena mpaka Moscow. Pale juu, kwa kila bidhaa kubwa, wanaandika mizania: upande mmoja vyanzo, yaani uzalishaji, akiba na uagizaji, na upande wa pili matumizi. Pande mbili lazima zilingane.

Sasa tuseme chuma kimepungua. Ukiongeza chuma utahitaji makaa zaidi na mabehewa zaidi ya kuyabeba. Makaa zaidi yanataka mashine migodini, na mashine hizo zinatengenezwa kwa chuma. Umerudi ulipoanzia, na kila mzunguko umevuruga mizania nyingine kadhaa. Gosplan ilikuwa na mizania kama 2,000 hivi, wakati aina za bidhaa zilizotoka viwandani zilikuwa mamilioni. Kwa karatasi na kalamu hesabu ile haikuweza kukamilika kabla mwaka mpya haujaanza. Walichofanya ni kuminya: ama kupunguza malighafi inayoruhusiwa kwa kila kipande, ama kukata fungu la sekta isiyo na mtetezi, ambayo mara nyingi ilikuwa ya bidhaa za matumizi ya nyumbani. Mpango ulitoka ukiwa tayari na mapengo, na ukarekebishwa tena na tena katikati ya mwaka.

Mwangalie sasa meneja wa kiwanda. Bonasi yake inategemea kufikisha asilimia 100. Akiishia 98 anaikosa. Akifika 115, mwaka unaofuata lengo linapangwa kuanzia pale alipofika. Basi meneja mwenye akili anaficha uwezo wa mashine zake, anaomba malighafi kuliko anayohitaji na kuilimbikiza, na akivuka lengo anavuka kidogo tu. Viwanda vyote vikilimbikiza, uhaba unakua, na uhaba ukikua vinalimbikiza zaidi. Mwanauchumi wa Hungaria János Kornai alilieleza hili mwaka 1980: shirika lisiloweza kufilisika, kwa kuwa dola italilipia hasara yake, halina sababu ya kujibana, kwa hiyo hamu yake ya malighafi haishibi. Ndiyo maana viwanda vya Kisovieti vilikuwa na mtu anayeitwa tolkach, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi akitafuta boliti na vipuri vilivyoandikwa kwenye mpango na havikufika. Alifanya kazi kwa kujuana na kwa kubadilishana vitu, na bila yeye viwanda vingi vingesimama.

Kipimo nacho kina balaa lake. Viwanda vya vioo vya madirisha vilipopimwa kwa tani, vilitoa vioo vinene na vizito. Kipimo kilipogeuzwa kuwa mita za mraba, vioo vikawa vyembamba mno, vikavunjika. Na kwa kuwa malighafi ilichelewa, mwanzo wa mwezi watu walikaa, mwisho wa mwezi wakakesha kukimbizana na lengo. Mashine iliyofungwa kwenye pilikapilika hizo ilikuwa na kasoro nyingi zaidi.

Hapo tuko kwenye hasara ya vitu. Nataka nikae kwenye mkoa wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow, kwa sababu pale ugonjwa wote unaonekana ndani ya miaka miwili.

Mwaka 1957 Khrushchev alitangaza kwamba nchi itaifikia na kuipita Marekani kwa nyama na maziwa kwa kila mtu. Mwanzoni mwa 1959 Aleksei Larionov, katibu wa kwanza wa chama Ryazan, akaahidi kwamba mkoa wake utaipa dola tani 150,000 za nyama mwaka huo, kama mara tatu ya mwaka uliotangulia. Gazeti la Pravda likachapisha ahadi. Mfugaji yeyote anajua mtamba anahitaji miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kwa hiyo nyama hiyo ingetoka kwenye mifugo iliyokuwepo tu. Walichinja ndama wa mwaka ule. Wakaingia kwenye ng'ombe wa maziwa na wa mbegu. Wakachukua mifugo ya binafsi ya wakulima kwa ahadi kwamba itarudishwa. Bado haikutosha, wakatuma watu mikoa mingine kununua nyama, kwa fedha zilizotengwa kwa mashine za kilimo na kwa ujenzi wa shule. Desemba 1959 wakatangaza kwamba lengo limetimia. Larionov akapewa nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, na kwa 1960 wakaahidi tani 180,000. Zilizotoka ni kama 30,000, kwa sababu mazizi yalikuwa matupu. Septemba mwaka huo Larionov alijiua.

Tazama kila aliyehusika. Msimamizi wa zizi alijua, mwenyekiti wa shamba la pamoja alijua, na ofisi za mkoa zilijua. Hakuna hata mmoja ambaye angefaidika kwa kusema, na hapakuwa na gazeti, mahakama wala mpinzani nje ya mnyororo ule ambaye angemsikiliza na kumlinda.

Miaka hiyohiyo China ilikuwa inafanya jambo hilo kwa nchi nzima, katika kampeni ya kukuza uzalishaji kwa kasi iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele. Mavuno ya nafaka ya 1958 yalitangazwa kuwa tani milioni 375, na baadaye ikajulikana kwamba yalikuwa kama milioni 200. Hatari ya takwimu zilizopikwa ni hii: dola inachukua fungu lake kutoka kwenye mavuno yaliyoandikwa, lakini magunia yanatoka kwenye mavuno halisi. Chukua mfano wa kijiji kilichovuna tani 100 na kuandika 190. Dola ikidai asilimia 30 ya kilichoandikwa, inaondoka na tani 57. Zinabaki 43, na humo lazima itoke mbegu, chakula cha mifugo na chakula cha watu mpaka mavuno yajayo. Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai alimwandikia kiongozi wa nchi, Mao Zedong, barua akieleza makosa ya kampeni hiyo. Akavuliwa wadhifa. Baada ya hapo ofisa wa wilaya angepata wapi ujasiri? China iliendelea kuuza nafaka nje wakati vijiji vinakufa njaa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia milioni 15 na kufika 45. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii, na sipendi kulisikia likitajwa kama takwimu ya kupitia tu.

Bei nazo zilikuwa mdomo uliofungwa. Bei ya soko ina ukatili wake, hilo nakubali, lakini inapiga kelele kitu kinapopungua. Katika Umoja wa Kisovieti mkate ulipewa ruzuku kubwa kiasi kwamba wakulima waliwalisha mifugo mkate, maana ulikuwa rahisi kuliko kupata nafaka ya kulishia. Serikali ilipojaribu kupandisha bei ya nyama kwa asilimia 30 mwezi Juni 1962, wafanyakazi wa mji wa Novocherkassk waliandamana, wanajeshi wakafyatua risasi, na watu 26 wakauawa. Kwa miongo miwili na zaidi baadaye hakuna kiongozi aliyethubutu kuigusa bei hiyo kwenye maduka ya dola. Mishahara ikapanda, bei ikasimama, na tofauti ikalipwa kwa saa za kusimama kwenye foleni.

Je, kuna kilichofanya kazi? Kipo, na anayekikataa hajasoma. Mwaka 1941, Wajerumani walipovamia, zaidi ya viwanda 1,500 vilihamishwa mashariki kwa treni na vikaanza tena kutoa silaha. Mwaka 1957 Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, iliruka, na 1961 Yuri Gagarin akawa binadamu wa kwanza kwenda angani. Cuba mwaka huo wa 1961 ilituma vijana vijijini kufundisha kusoma na kuandika, na ndani ya mwaka mmoja kutojua kusoma kulishuka sana. Umri wa kuishi China ulipanda mno kati ya 1949 na mwishoni mwa miaka ya 1970, licha ya ile njaa. Kazi hizi zinafanana: lengo ni moja, linaonekana kwa macho, na matokeo hayapikiki. Roketi inaruka au hairuki. Mtoto anasoma sentensi au hasomi. Mpango wa amri unaweza kulibeba jambo la namna hiyo. Kuwapa watu milioni 200 viatu vya saizi zao ni shughuli ya namna nyingine kabisa. Wala tusisahau kilichokuwa chini ya sifa hizo: mwaka 1937 na 1938 peke yake dola ya Kisovieti iliwapiga risasi watu takriban 680,000.

Wakulima ndio walioonyesha mlango. Vishamba vya binafsi vya Kisovieti, kama asilimia 3 ya eneo lililolimwa, vilitoa karibu robo ya mazao yote ya kilimo. Desemba 1978, kijijini Xiaogang mkoani Anhui, wakulima 18 waliweka dole gumba kwenye makubaliano ya siri: ardhi igawanywe kwa kaya, fungu la dola litolewe, kinachobaki ni cha kaya. Waliandika pia kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watawalea watoto wao hadi miaka 18. Utaratibu huo ukaenea, na mavuno ya nafaka ya China yakatoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi milioni 407 mwaka 1984. Vietnam ilianza mageuzi ya Doi Moi 1986, ikazipa kaya mikataba ya ardhi 1988, na 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja.

Kumiliki kwa pamoja kwenyewe hakujafa. Wahutteri, jumuiya ya Kikristo iliyoanza karne ya 16, bado wanaishi kwa mfuko mmoja huko Kanada na Marekani. Kijiji chao kikikaribia watu 150 kinagawanyika viwili, kwa makusudi, ili kila mtu aendelee kumwona mwenzake akifanya kazi. Kibbutz za Israeli, yaani vijiji vya kumiliki na kufanya kazi pamoja, zilidumu na malipo sawa kwa miongo mingi, mpaka madeni ya miaka ya 1980 yalipozibana, na nyingi sasa zinalipa mishahara tofauti. Huko kote mtu anaweza kuondoka, na hakuna haja ya kupeleka ripoti Moscow ili kujua ghala lina nini.

Siku hizi vijana wanasema kompyuta zingeokoa mpango. Hoja hiyo ina uzito. Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Kisovieti, alibuni mwaka 1939 hesabu za kugawa mashine na malighafi kwa njia bora, akitatua tatizo la wazalishaji wa plaiwudi, na 1975 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Viktor Glushkov, mtaalamu wa kompyuta wa Kisovieti, alipendekeza mtandao wa kompyuta wa kuendesha uchumi wote wa Kisovieti. Mwaka 1970 uongozi wa juu uliukataa kwa umbo lake kamili, na wizara zenyewe zilikuwa miongoni mwa wapinzani wake, kwa kuwa zisingeweza tena kuficha vitabu vyao. Ule mzunguko wa chuma na makaa, kompyuta ya leo ingeumaliza haraka sana. Lakini ingepokea pia zile tani 180,000 za Ryazan kama zilivyoandikwa, na kuzigawa kwa usahihi mkubwa kwa walaji ambao hawatazipata. Kwa hiyo ukisoma pendekezo jipya la mpango wa kidijitali, fungua kwanza ukurasa unaoeleza nani anakagua namba, amechaguliwa na nani, na msimamizi wa zizi analindwaje akiandika kwamba ng'ombe wamekwisha.