Kitanda cha Kamba: Kibofu Kinaposhuka Ukeni

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, karibuni. Nimeombwa nizungumzie kibofu kushuka, na nawaona wengine mmeshainamisha vichwa. Msione haya, hapa tuko wenyewe.

Aliyewahi kulalia kitanda cha kamba anajua: kikibonyea, hukimbilii kukaza kamba. Kwanza unakagua. Zimelegea katikati? Zimechomoka kwenye mfumbati? Au zimeachia upande wa kichwani? Ukuta wa mbele wa uke umewambwa vivyo hivyo, na kibofu kimeulalia. Ubavuni umeshikizwa kwenye kano za nyonga, kulia na kushoto. Juu, kano nyingine zinavuta mlango wa kizazi na kilele cha uke kuelekea nyuma. Chini, uke umeshikamana na msamba. Na kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo ikiwa na nguvu hubeba uzito ili kano zisivutwe mchana kutwa.

Mtoto anapopita, misuli hiyo hutanuka mno, mara nyingine huchanika kutoka kwenye mfupa wa kinena. Mzigo unahamia kwenye kano. Haziachii siku hiyo. Hulegea polepole, hadi mama aliyekwisha koma hedhi anachuchumaa na kuhisi kitu kama yai kinachungulia.

Mwaka 1909 daktari George White wa Savannah, Marekani, aliandika kuwa ukuta huu huweza kushuka kwa kuachia pembeni. Wenzake wakaendelea kushona katikati. Cullen Richardson alilifufua jambo hilo mwaka 1976, na mwaka 1992 John DeLancey, baada ya kuchunguza maiti, akaeleza ngazi tatu za ushikizo: juu, ubavuni, chini. Linaniuma hili: mwanamke anashonwa mbele wakati kilichoachia ni juu, uvimbe unarudi, kisha analaumiwa kwamba alibeba ndoo.

Si kila mmoja anahitaji kisu. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia, hasa mapema, na ipo pete laini inayovaliwa ukeni kukishikilia kibofu. Kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu vitibiwe pia.

Ukipimwa umelala tu, sema: "Daktari, naomba nisukume, au nisimame, uone kinavyoshuka." Na mkojo ukigoma kabisa kutoka, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Haya, maswali. Mama uliye karibu na mlango, anza wewe.